Kuzungumza na Daktari Kuhusu Kipimo cha Saratani ya Kurithi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu ni wa mtu mwenye wasiwasi kwamba saratani inatembea katika ukoo wake, na anajiuliza kama apime vinasaba. Haumwambii apime wala asipime. Unamwandaa kwa yale mazungumzo ya dakika chache na daktari, maana hapo ndipo huamuliwa kama kipimo kitaleta jibu la kufanyia kazi au karatasi ya kuweka kabatini.

Hivi saratani inarithiwa?

Saratani yenyewe hairithiwi. Kinachorithiwa ni jeni, yaani kinasaba kimoja, yenye hitilafu, na hitilafu hiyo humfanya mtu awe mwepesi wa kupata aina fulani za saratani kuliko wengine. Karibu kila jeni tunayo kwa nakala mbili, moja ya mama na moja ya baba. Jeni kama BRCA1 na BRCA2 kazi yake ni kukarabati DNA, yale maandishi ya vinasaba, inapokatika ndani ya seli. Aliyezaliwa na nakala moja mbovu haoni tofauti yoyote, kwa sababu ile nyingine inachapa kazi. Tatizo huanza pale nakala nzima nayo inapoharibika katika seli moja ya titi au ya ovari, seli hiyo ikabaki haina fundi. Alfred Knudson, daktari wa Marekani, alilieleza wazo hili la mapigo mawili mwaka 1971 akichunguza saratani ya jicho ya watoto. Aliyerithi pigo la kwanza amebakiza moja tu, ndiyo maana akiugua, mara nyingi huwa bado kijana.

Katika kila saratani 100, ni kama 5 hadi 10 zinazotokana na jeni moja iliyorithiwa namna hii. Kwa saratani ya ovari uwiano huo ni mkubwa zaidi. Zilizobaki zina sababu nyingine: umri, tumbaku, virusi, pombe, homoni, na wakati mwingine bahati mbaya tu.

Kwetu wamekufa watu wengi kwa saratani. Si ni ya kurithi hiyo?

Si lazima. Saratani ni ugonjwa unaowapata watu wengi, kwa hiyo ukoo mkubwa wenye wazee wengi utakuwa nayo tu. Chukua babu aliyevuta sigara maisha yake yote akafa kwa saratani ya mapafu, bibi aliyepata saratani ya shingo ya kizazi, na mjomba aliyekuwa na homa ya ini ya aina ya B kwa miaka akaishia na saratani ya ini. Ni misiba mitatu mizito, lakini kila mmoja una chanzo chake: tumbaku, virusi vya HPV, virusi vya homa ya ini. Kuna chanjo za HPV na za homa ya ini B, na sigara inaachwa. Ukoo kama huo utafaidika na hayo kuliko kipimo cha vinasaba.

Daktari anachotafuta ni mfanano. Je, ni saratani za aina moja, au za aina zinazojulikana kwenda pamoja, kwa watu wa damu moja, wakiwa na umri mdogo kuliko ilivyo kawaida?

Ni mambo gani hasa yanamfanya daktari afikirie vinasaba?

Kuna mengine ni makubwa kiasi kwamba moja tu linatosha kufungua mazungumzo. Saratani ya ovari katika umri wowote ni mojawapo. Saratani ya titi kwa mwanamume ni jingine, na ya kongosho pia. Saratani ya titi au ya utumbo mpana kabla ya miaka 50 ni ya kutajwa daima. Vivyo hivyo saratani ya titi ya aina ambayo vipimo vitatu, viwili vya homoni na kimoja cha protini iitwayo HER2, vyote vimetoka hasi, saratani katika matiti yote mawili, mtu mmoja aliyepata saratani mbili tofauti zisizosambaa kutoka moja kwenda nyingine, na saratani ya tezi dume iliyokwisha kusambaa.

Upande wa utumbo kuna mambo mawili. La kwanza ni ugonjwa wa Lynch, unaotokana na jeni kama MLH1, MSH2, MSH6 na PMS2. Humo saratani ya utumbo mpana na ile ya mji wa mimba hufuatana: mama anaugua mji wa mimba, kaka yake utumbo, binti yake utumbo. Watu hawaoni uhusiano kwa sababu majina ya magonjwa ni tofauti. La pili ni jeni iitwayo APC, ambayo ikiharibika huotesha vinyama vidogo vidogo vinavyoitwa polipu kwa mamia ndani ya utumbo mpana, kuanzia ujanani. Kwa hiyo kama kuna ndugu aliyewahi kuambiwa ana polipu nyingi, mtaje hata kama hakuwahi kupata saratani.

Nianzeje kumweleza daktari?

Anza na watu na umri wao. Hofu itafuata. Linganisha kauli hizi mbili:

"Daktari, kwetu kuna kansa sana, naomba unipime kansa."

"Daktari, mama yangu aligundulika na saratani ya titi akiwa na miaka 41. Dada yake, tumbo moja, alifariki kwa saratani ya ovari akiwa na 53. Mimi nina 34, siumwi. Naomba tujadili kama nahitaji kuonana na mtaalamu wa vinasaba."

Ya kwanza itamfanya daktari akupime palepale, akute huna kitu, akwambie nenda salama. Naye hatakuwa amekosea, kwa sababu ndicho ulichoomba. Kipimo cha vinasaba hakionyeshi kama una saratani leo. Kinaonyesha kama ulizaliwa na jeni yenye hitilafu. Ya pili imembebesha daktari mambo manne ambayo hawezi kuyapuuza: aina, umri, undugu, na ombi linaloeleweka.

Kama umefuata kitu kingine kabisa hospitalini, kikohozi au presha, usilitupie jambo hili mlangoni wakati unatoka. Omba miadi yake peke yake.

Nikusanye habari gani za ukoo?

Hii ndiyo kazi yako kubwa, na hakuna mashine itakayokufanyia. Vizazi vitatu vinatosha: watoto wako na ndugu zako, kisha wazazi pamoja na ndugu zao, kisha mabibi na mababu. Wataalamu huchora mraba kwa mwanamume na duara kwa mwanamke, huweka wino ndani kwa aliyeugua, na mstari wa mshazari kwa aliyefariki. Wewe unaweza kuandika tu kwa maneno, mradi kila mtu awe na mstari wake:

Shangazi (dada wa baba, baba na mama mmoja): titi la kushoto, miaka 38; akafariki na 44.
Baba: tezi dume, miaka 61, yu hai.
Baba mdogo: haumwi, ana miaka 57.
Bibi mzaa baba: "uvimbe tumboni", alifariki akiwa na miaka 50 na kitu.

Angalia mambo mawili hapo. Huyo baba mdogo asiyeumwa ameandikwa. Wazima wanahesabika sawa na wagonjwa, kwani kina dada wanane waliozeeka bila saratani wanamweleza daktari kitu ambacho mmoja aliyeugua hawezi. Na huo "uvimbe tumboni" wa bibi usiupite haraka. Zamani saratani ya ovari ilizikwa na maneno hayo: tumbo lilijaa maji, akakonda, akafa. Uliza wazee kama kulikuwa na karatasi ya hospitali, kama alifanyiwa upasuaji, kama tumbo lilivimba. Ukiona wanaona haya kutaja viungo vya uzazi, mtume mtu wa rika lao.

Anayehesabiwa ni ndugu wa damu. Mama mdogo wa heshima, yule rafiki wa mama aliyekulea, haingii hapa hata kama ndiye uliyempenda zaidi. Ndugu wa baba mmoja mama mbalimbali anaingia, ila iandikwe hivyo. Na kama kuna mtoto ambaye ukoo unajua kimya kimya kuwa baba yake ni mwingine, mweleze daktari faraghani. Mambo hayo hayashangazi katika chumba hicho.

Ni upande wa mama tu, sivyo?

Sivyo kabisa, na dhana hii imewapotosha wengi. BRCA1 iko kwenye kromosomu ya 17 na BRCA2 kwenye ya 13. Wala si za jinsia. Baba anaweza kubeba jeni hiyo asiugue, akamrithisha binti yake. Mtoto yeyote, wa kike au wa kiume, ana nafasi 50 kwa 100 ya kuipokea kutoka kwa mzazi aliye nayo. Ukoo wenye wanaume wengi unaweza kuificha hitilafu kwa vizazi viwili bila mtu kuugua titi, halafu ikaja kujitokeza kwa mjukuu wa kike. Kwa hiyo shangazi aliyefariki na saratani ya titi ana uzito uleule wa mama mdogo.

Siumwi, lakini mama anaumwa. Nani apimwe kwanza?

Mama, kama yu hai na yuko tayari. Hapa ndipo fedha nyingi hupotea, kwa hiyo nitalieleza kwa kirefu.

Tuseme wewe ndiye uliyepimwa kwanza na majibu yametoka hasi. Maana yake nini? Inaweza kuwa mama ana hitilafu ambayo wewe hukuirithi, na hapo hatari yako imeshuka karibu na ya mtu yeyote. Inaweza pia kuwa ugonjwa wa mama unatokana na jeni ambayo kipimo hicho hakikuiangalia. Au labda haurithiwi kabisa. Karatasi yako haiwezi kutofautisha haya matatu. Unatoka na neno "hasi" mkononi huku hujui lolote jipya.

Ukianza na mama mambo yanageuka. Akikutwa na hitilafu, maabara inajua sasa ni herufi ipi hasa ya kutafuta kwako. Kipimo chako kinakuwa cha sehemu moja tu, cha bei nafuu zaidi, na jibu lake halina utata: unayo au huna. Asipokutwa na kitu licha ya kupimwa kwa jeni nyingi, basi wewe usiye mgonjwa kwa kawaida huna sababu kubwa ya kupimwa kwa ajili yake, ingawa daktari bado atatazama historia ya ukoo.

Kama walioumwa wote wameshafariki, daktari anaweza kukupima wewe moja kwa moja. Inafanyika. Ila muulize mapema: "Yakitoka hasi, tutayachukuliaje?" Wakati mwingine hospitali huwa imetunza kipande cha nyama iliyokatwa wakati wa upasuaji wa marehemu, na maabara nyingine huweza kukipima. Uliza, usikate tamaa kabla.

Kipimo chenyewe kinafanywaje?

Damu kidogo ya mkononi, au mate kwenye kichupa. Majibu huchukua wiki kadhaa. Hakuna haja ya kufunga kula kwa ajili ya damu. Kwa mate, utaambiwa usile wala kunywa kwa muda kidogo kabla. Siku hizi maabara husoma jeni nyingi kwa pamoja badala ya moja moja. Jambo moja watu husahau kulisema: kama uliwahi kupandikizwa uboho, damu yako ina DNA ya aliyekuchangia, na mate nayo yanaweza kuwa hivyo. Mwambie daktari ili achukue sampuli ya ngozi.

Uvimbe wa mama ulishapimwa vinasaba hospitalini. Si inatosha?

Haitoshi. Kuna vipimo viwili vinavyochanganywa sana. Kimoja husoma DNA ya uvimbe, ili daktari achague dawa. Mabadiliko mengi yanayoonekana humo yalitokea ndani ya uvimbe wenyewe, hayarithishwi kwa mtu. Kingine husoma DNA ambayo mtu alizaliwa nayo. Kile cha kwanza kikionyesha hitilafu ya BRCA, hiyo ni sababu nzuri ya kufanya cha pili. Kisipoonyesha, bado hakijamaliza shauri. Njoo na karatasi ile ya majibu umwonyeshe daktari, asome mwenyewe ni kipimo gani.

Majibu yakitoka, yatasemaje?

Watu hutegemea ndiyo au hapana. Kuna jibu la tatu, na ndilo linaloleta usumbufu.

Chanya maana yake imeonekana hitilafu inayojulikana kuongeza hatari. Hasi nimeshaieleza: ni njema kweli pale tu hitilafu ya ukoo inapojulikana. La tatu ni badiliko ambalo sayansi haijajua kama lina madhara. Kuna herufi imebadilika katika jeni yako, lakini hakuna ushahidi wa kutosha kwamba inaleta ugonjwa au haileti. DNA za watu zinatofautiana sana, na tofauti nyingi hazina ubaya wowote.

Wenye asili ya Kiafrika na Kiasia hupata jibu hili la tatu mara nyingi kuliko wenye asili ya Ulaya. Si kwa sababu jeni zao ni mbovu zaidi. Hazina za data ambazo maabara hulinganishia zimejazwa zaidi na Wazungu, kwa hiyo badiliko la kawaida kabisa kwa mtu mwingine linaonekana geni kwa kompyuta. Ni dosari ya utafiti, na mgonjwa asibebeshwe lawama yake. Muda unavyopita mabadiliko haya huainishwa upya, na mengi yao huishia upande wa yasiyo na madhara.

Kanuni ni moja, na natamani ingebandikwa ukutani: usikatwe kiungo kwa sababu ya jibu la tatu. Matunzo yako yaongozwe na historia ya ukoo, kana kwamba badiliko hilo halikuonekana. Ukisikia daktari anapendekeza upasuaji kwa msingi wa badiliko hilo pekee, tafuta maoni ya daktari mwingine.

Nikikutwa chanya, ndiyo kusema nitaugua?

Hapana, ila hatari inaweza kuwa kubwa, na inatofautiana jeni kwa jeni. Utafiti mkubwa wa familia zenye BRCA uliochapishwa mwaka 2017 ulikadiria kwamba kati ya wanawake 100 wenye hitilafu ya BRCA1, 72 hupata saratani ya titi wafikapo miaka 80. Kwa BRCA2 ni 69. Ya ovari ni 44 kwa BRCA1 na 17 kwa BRCA2, wakati kwa wanawake kwa jumla ni kama mmoja tu katika 100. Jeni nyingine kama CHEK2 na ATM huongeza hatari kwa kiasi cha kati. Kwa hiyo mtu akikwambia tu "nina jeni ya saratani", hujajua kitu bado. Ipi?

Muulize daktari akupe namba kwa umri wako wa sasa. "Asilimia 72 hadi miaka 80" humtisha mtu wa miaka 30 bila kumsaidia. Swali linalosaidia ni hili: "Katika miaka 10 ijayo, kati ya watu 100 kama mimi, wangapi wataugua?"

Kuna la kufanya, au ni kujua tu na kusubiri?

Lipo, na hili ndilo swali la kuuliza kabla hata sindano haijaingia: "Majibu yakiwa haya, tutabadili nini? Na yakiwa yale?" Kama majibu yote mawili yanaelekea palepale, pengine kipimo kisubiri.

Kwa mwanamke mwenye hitilafu ya BRCA, uchunguzi wa matiti kwa MRI (picha za sumaku) huanza karibu na miaka 25, na mamografia, yaani eksirei ya matiti, huongezwa karibu na 30. Wengine huchagua kuondoa matiti yote mawili kabla ya ugonjwa, jambo linalopunguza hatari ya saratani ya titi kwa asilimia 90 au zaidi. Angelina Jolie, mwigizaji wa filamu wa Marekani, aliliweka wazi jambo hilo mwaka 2013, na watu wengi walianza kuulizia kipimo baada ya hapo. Ni uchaguzi, si amri. Ovari ni hadithi nyingine. Hakuna uchunguzi unaoaminika wa kuikamata saratani yake mapema, kwa hiyo madaktari husisitiza zaidi kuondoa ovari na mirija: kati ya miaka 35 na 40 kwa BRCA1, kati ya 40 na 45 kwa BRCA2, baada ya mtu kumaliza kuzaa. Upasuaji huo unaleta ukomo wa hedhi papo hapo. Joto la ghafla, usingizi kukatika, mifupa kupungua nguvu, ukavu ukeni. Yaulizeni hayo na mwenzi wako akiwapo kama mnaelewana, maana mtaishi nayo wote wawili.

Kwa ugonjwa wa Lynch, kolonoskopi, yaani kuchungulia utumbo mpana kwa kamera, hufanywa kila mwaka mmoja au miwili, kwa baadhi ya jeni kuanzia miaka 20 hadi 25. Polipu ikionekana inatolewa palepale kabla haijageuka saratani. Ni nadra kupata kipimo na kinga katika kitendo kimoja. Aspirini ya kila siku nayo imeonyeshwa kupunguza saratani ya utumbo kwa watu hawa, lakini inaweza kuvujisha damu tumboni, kwa hiyo isianzwe bila daktari.

Na aliyekwisha kuugua? Majibu yanaweza kubadili matibabu yake. Dawa za kundi la olaparibu, iliyoidhinishwa kwanza mwaka 2014 kwa saratani ya ovari, hufanya kazi kwa kutumia udhaifu uleule wa seli zisizo na BRCA nzima.

Mimi ni mwanamume. Yananihusu?

Yanakuhusu mara mbili: kwa mwili wako na kwa watoto wako. BRCA2 huongeza hatari ya saratani ya tezi dume, na ikija huwa kali zaidi, kwa hiyo kipimo cha damu cha tezi dume kiitwacho PSA huanza mapema, karibu na miaka 40. Kati ya wanaume 100 wenye hitilafu hiyo, kama 7 hupata saratani ya titi katika maisha yao. Kwa wanaume wengine ni kama mmoja katika 1,000. Donge kwenye titi la mwanamume lisisubiri kuona kama litaondoka lenyewe. Ugonjwa wa Lynch nao hauchagui jinsia.

Watoto wangu wapimwe?

Kwa BRCA, hapana, wasipimwe wakiwa watoto. Hakuna kitakachofanyika kabla ya utu uzima, na kumpima mtoto ni kumnyang'anya haki ya kuamua mwenyewe akikua. Kwa magonjwa yanayoanza utotoni ni tofauti. Jeni ya RB1 inayoleta saratani ya jicho, RET inayoleta saratani ya tezi ya shingo, APC ya polipu, na TP53 inayoleta saratani za aina nyingi, hupimwa mapema, kwa sababu uchunguzi na matibabu huanza mtoto akiwa bado mdogo.

Lazima niwaambie ndugu zangu?

Daktari atakusihi, lakini kwa kawaida hawezi kuwapigia simu yeye. Kazi inabaki kwako, na ni ngumu, hasa kama hamkuzungumza tangu ugomvi wa urithi.

Kinachosaidia ni barua. Muombe daktari au mnasihi wa vinasaba (mshauri aliyesomea mambo haya) akuandikie barua fupi yenye jina la jeni na maandishi kamili ya hitilafu jinsi yalivyo kwenye majibu, ili ndugu akaipeleke kwa daktari wake mwenyewe. Kumwambia dada "mimi nina ile ya Angelina" hakumsaidii, kwa sababu maabara yake itahitaji yale maandishi marefu yasiyosomeka. Mwambie mmoja mmoja, si kwenye kundi la simu la familia. Na usimlazimishe mtu kupima. Kazi yako ni kumfikishia habari. Asiyetaka kujua ana haki yake.

Bima na mwajiri watajua?

Uliza kabla ya kutoa damu, kwa sababu sheria zinatofautiana nchi kwa nchi. Marekani ina sheria ya mwaka 2008 inayozuia bima ya afya na waajiri kumbagua mtu kwa vinasaba vyake, lakini haigusi bima ya maisha wala ya ulemavu. Ndiyo maana wanasihi huko huwashauri wengine wakate bima ya maisha kwanza. Penye sheria dhaifu, swali kwa daktari ni hili: majibu yanaandikwa wapi, nani anayaona, na sampuli yangu inatupwa lini?

Vipi vile vipimo vya mate vya kuagiza kwenye intaneti?

Vingi huangalia sehemu chache tu za jeni. Kimoja kinachojulikana sana kiliporuhusiwa Marekani mwaka 2018 kiliangalia mabadiliko matatu ya BRCA yanayopatikana zaidi kwa Wayahudi wa Ashkenazi, ilhali mabadiliko yenye madhara yanayojulikana katika jeni hizo mbili ni maelfu. Mtu wa asili nyingine akiambiwa "hakuna kilichoonekana" ameambiwa kidogo sana. Na kikisema chanya, kirudiwe kwenye maabara ya hospitali kabla ya uamuzi wowote.

Mnasihi wa vinasaba ni nani? Daktari wangu hawezi kufanya kazi hiyo?

Anaweza, kama ana ujuzi na muda. Mnasihi amesomea kuchora ukoo, kukadiria hatari, kuchagua nani apimwe na kipimo gani, na kukaa nawe majibu yakitoka. Wengine hufanya kazi kwa njia ya video. Asipokuwepo karibu, daktari bingwa wa saratani ndiye wa kuombwa rufaa.

Daktari kaniambia nisiwe na wasiwasi. Niishie hapo?

Huenda yuko sahihi, watu wengi hawahitaji kipimo hiki. Lakini muulize kwa adabu: "Daktari, ni kitu gani katika ukoo wangu kimekufanya uone hivyo? Na ni kitu gani kikitokea nirudi?" Aliyepima maneno yako atajibu bila shida. Kama hakuuliza umri wa hata mgonjwa mmoja, hajapima chochote, na una haki ya kuonana na mwingine.

Nilipima miaka mingi iliyopita, ikatoka hasi. Nirudie?

Ulizia. Vipimo vya zamani mara nyingi viliishia kwenye BRCA1 na BRCA2 peke yake, na vya mwanzo havikuona vipande vikubwa vya jeni vilivyokatika au kujirudia. Kampuni moja ya Marekani ilikuwa na hataza, yaani haki ya pekee ya kuzitumia kibiashara, ya jeni hizo mpaka Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ilipoamua, Juni 2013, kwamba jeni ya asili haimilikiwi na mtu. Baada ya hapo maabara nyingi ziliingia, bei ikashuka, na orodha ya jeni ikarefuka. Aliyepata jibu la tatu naye aulize kila baada ya mwaka mmoja au miwili kama limeainishwa upya. Nenda na majibu yako ya zamani. Kama yamepotea, jina la maabara na mwaka vinatosha kuanza kuyatafuta.